Chemba ya Mtiririko: Kipande Kidogo Kinachosimamisha Maabara Nzima

Mashine ya kupima picha kamili ya damu ina pampu, valvu, mirija, leza, bodi za umeme na kompyuta. Vyote hivyo vinatumikia kipande kimoja ambacho mgonjwa hatakiona kamwe, na mtaalamu wa maabara mwenyewe hukiona kwa nadra: chemba ya mtiririko, yaani mfereji mwembamba ndani ya kioo au tundu dogo ndani ya kito, ambamo seli za damu hupita na kuhesabiwa. Kipande hicho kikiziba, kikipasuka au kikichakaa, mashine nzima husimama. Mjamzito anayetaka kujua wingi wa damu yake, mtoto mwenye selimundu, mgonjwa wa dengue ambaye daktari anafuatilia chembe zake za kugandisha damu kila siku, wote huambiwa warudi kesho au waende maabara ya nje wakalipe upya.

Ukiwauliza wengi, watakuambia kubadilisha chemba ni kazi ya fundi na bisibisi yake. Mimi naona bisibisi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi ngumu inaanza kabla haijashikwa, pale unapotakiwa kujua kama chemba imekufa kweli, na inaendelea baada ya kuwekwa chini, pale unapotakiwa kuthibitisha kwamba majibu yanayotoka sasa ni ya kweli. Na katikati kuna swali ambalo hospitali zetu huliuliza wakati mashine imekwisha kufa: nani ameruhusiwa kuigusa, na nani analipa.

Chemba hizi zina historia fupi. Wallace Coulter, mhandisi wa Chicago, alipata hataza mwaka 1953 kwa wazo ambalo bado linaendesha mashine nyingi za damu duniani. Alipitisha seli kwenye tundu dogo ndani ya maji ya chumvi yanayopitisha umeme. Kila seli ikipenya, inazuia umeme kidogo. Ukihesabu vizuizi hivyo, umehesabu seli, na ukubwa wa kila kizuizi unakueleza ukubwa wa seli. Inasimuliwa kwamba tundu lake la awali alilitoboa kwa sindano ya moto kwenye karatasi laini inayofunika pakiti ya sigara. Mwaka huohuo P. J. Crosland-Taylor wa Hospitali ya Middlesex, London, alichapisha njia ya kuizingira sampuli kwa maji mengine yanayokwenda kasi, ili seli zibanwe katikati na kupita moja moja, kama abiria wanaoteremka kwenye mlango mwembamba wa daladala. Kutokana na mawazo hayo mawili tukapata mashine za damu za hospitali na saitomita za leza, zile zilizohesabu seli za CD4 za mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI barani Afrika.

Udogo wa mfereji ndio unaoipa chemba uwezo wake, na ndio unaoiletea maradhi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Unywele wa mtu ni kama mikromita 70. Matundu na mifereji ya chemba nyingi ni makumi hadi mia chache za mikromita. Katika nafasi hiyo maji hayavurugiki, yanakwenda kwa matabaka, kila tabaka likiteleza kando ya jingine, na ndiyo maana seli zinaweza kuwekwa katikati na kubaki hapo. Lakini sheria nyingine ya maji inafanya kazi palepale. Poiseuille, daktari Mfaransa aliyechunguza mwendo wa damu katika mishipa midogo, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba kiasi cha maji yanayopita kwenye mrija hufuata kipenyo chake kwa kipeo cha nne. Utando wa protini ukipunguza kipenyo kwa asilimia 10 tu, mtiririko hushuka kwa karibu theluthi moja, hata kama pampu inasukuma kwa nguvu ileile. Jicho haliwezi kuuona utando huo. Mashine inauona, na wakati mwingine haisemi.

Nini kinaiziba? Kwanza ni donge la damu. Chupa ya sampuli yenye dawa ya kuzuia kuganda inatakiwa igeuzwe taratibu mara kadhaa pale pale damu inapotolewa. Muuguzi aliyezidiwa na foleni akiisimamisha tu kwenye kishikio, vidonge vidogo vya damu hujitengeneza chini, na saa mbili baadaye mashine inavifyonza. Pili ni chumvi. Maji yanayosindikiza sampuli yana chumvi, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi na mashine ikazimika bila kujisafisha, maji hayo hukauka ndani na kuacha fuwele. Mashine isiyo na betri ya akiba, katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, inaumizwa hivyo kila wiki. Kuna pia ukungu na bakteria wanaoota kwenye maji yaliyolala, na protini ya damu inayojipaka kwenye kuta kidogo kidogo hadi utando ukawa mgumu.

Halafu kuna kiputo cha hewa. Hiki nitakaa nacho, kwa sababu ndicho kinachosababisha chemba zilizo nzima kuhukumiwa kuwa mbovu. Maji baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto: kwa nyuzi 4 maji hubeba takriban miligramu 13 za oksijeni kwa lita, kwa nyuzi 30 hubeba kama 7.6. Sasa chukua dumu la kitendanishi lililokuwa kwenye friji, liunganishe moja kwa moja na mashine katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa ambacho kiyoyozi chake kimeharibika. Hewa ile iliyokuwa imeyeyuka haina pa kukaa. Inatoka ndani ya mirija na ndani ya chemba kama viputo vidogo mno, na katika mfereji mwembamba kiputo hakiondoki kirahisi, kwa sababu mvutano wa uso wa maji unakishika ukutani. Kikikaa mbele ya leza kinatawanya mwanga na kuhesabiwa kama seli. Kikikaa katikati ya njia kinapindisha mkondo. Mashine inatoa tahadhari ya kuziba, fundi anapigiwa simu, na ripoti inaandikwa kwamba chemba imekwisha. Dawa yake ilikuwa kuacha dumu lifikie joto la chumba kabla ya kuliunganisha.

Ndiyo maana nasema hatua ya kwanza ya kubadilisha chemba ni kujaribu kwa bidii kutoibadilisha. Wataalamu wazoefu wana mpangilio wao, na unaanzia kwenye vitu vya bei ndogo. Je, kitendanishi kimepita muda wake? Dumu la maji taka limejaa na kurudisha shinikizo nyuma? Kuna mpira uliojikunja au kubanwa nyuma ya mashine? Chujio limebadilishwa lini? Kisha mashine inapimishwa maji matupu, yasiyo na damu. Ikihesabu seli mahali ambapo hakuna seli, tatizo ni uchafu, hewa au umeme unaoyumba. Ikitoa sifuri safi lakini sampuli ya udhibiti ubora inasoma chini, huenda njia imebanwa. Shinikizo la pampu likiwa sawa na mtiririko ukiwa mdogo, hapo ndipo kidole kinaelekea kwenye chemba.

Hata hapo bado kuna kusafisha. Mashine nyingi zina zoezi la kusukuma maji kinyumenyume ili donge litoke lilikoingilia. Zina pia zoezi la kuloweka kwa dawa ya klorini, ndugu wa jiki ya nyumbani lakini iliyotengenezwa kwa kipimo maalumu na kuchujwa. Inakula protini vizuri. Ikiachwa muda mrefu kuliko ulioandikwa, inaanza kula gasketi na vyuma, na isiposuuzwa vyema inapasua seli za mgonjwa anayefuata. Jiki ya dukani haifai kuchukua nafasi yake, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kadiri inavyokaa na mara nyingi ina chembechembe ambazo zenyewe zitaziba. Wala klorini si dawa ya kila mashine. Katriji za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI zina kemikali ya guanidini ambayo ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo mkono uliozoea kumwagia jiki kila kitu maabara unatakiwa kujizuia.

Kinachothibitisha kwamba chemba imefika mwisho ni uharibifu usiosafishika: ufa kwenye kioo, mkwaruzo mbele ya njia ya leza, gundi iliyoachia na maji kuvuja, au utando ambao umelowekwa kwa mujibu wa maelekezo, ukarudiwa, na majibu ya udhibiti bado yanatawanyika. Hapo usiahirishe. Kuendelea kutumia chemba iliyopasuka kwa kurekebisha namba kwenye kompyuta, ili sampuli ya udhibiti isomeke vizuri, ni kumdanganya mgonjwa.

Sasa tuje kwenye kubadilisha kwenyewe, ambako mashine zinagawanyika katika koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa chemba ya kudumu. Hapa chemba ni kipande cha kwatzi au kito kilichofungwa ndani ya mashine, na kinatarajiwa kuishi miaka. Katika saitomita ya leza, mwanga umekusanywa kuwa ukanda wenye kimo cha mikromita 10 au 20 hivi, ukielekezwa mahali seli zinapopita. Ukitoa chemba na kuweka mpya, hata ya kiwanda kilekile, njia ya seli haitakuwa mahali pale pale kabisa. Ikihama mikromita chache, mwanga unaorudi hupungua na makundi ya seli yanaingiliana kwenye skrini. Kwa hiyo kufungua skrubu na kuunganisha mirija huchukua muda mfupi, kisha fundi anakaa muda mrefu akipitisha shanga ndogo za plastiki zenye ukubwa unaojulikana, akisogeza lenzi kidogo kidogo, hadi shanga zote zisomeke kama kundi moja jembamba. Asiguse kioo kwa kidole kitupu, maana mafuta ya ngozi yanatosha kutawanya leza. Asifunge kwa nguvu ya ziada, maana kwatzi haipindi, inapasuka.

Kazi hiyo inahitaji mtu aliyefunzwa, hilo halina ubishi. Ninachokipinga ni jinsi mlango ulivyofungwa. Katika mashine nyingi, menyu ya kurekebisha mwanga imefungwa kwa nywila wanayopewa wahandisi wa kampuni au wakala wake peke yao. Mwongozo wa matengenezo hauuzwi. Hospitali ya mkoa ina mhandisi wa vifaa tiba aliyesoma Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, Muhimbili au KMTC ya Kenya, anayeijua optiki na maji vizuri, lakini kazi yake inakuwa kumfungulia mlango mgeni atakayekuja na kompyuta yake. Mgeni huyo yupo mji mwingine, pengine nchi nyingine, na spea inasubiri ndege.

Makampuni hujibu kwamba yanalinda usahihi wa majibu. Hoja hiyo ina uzito. Chemba iliyowekwa vibaya inaweza kutoa namba zinazoonekana nzuri na zisiwe za kweli. Lakini usahihi unalindwa kwa mafunzo, cheti na vipimo vya uthibitisho baada ya kazi. Nywila hailindi usahihi pale ambapo mashine imezimwa miezi mitatu na sampuli zinasafirishwa kwa pikipiki kilomita 90. Na zipo saitomita za kapilari, zisizotumia maji ya kusindikiza, ambazo watengenezaji wake waliamua tangu mwanzo kwamba mtumiaji mwenyewe ataibadilisha chemba. Usanifu wa namna hiyo unawezekana, kwa hiyo kufungwa kwa mlango ni uamuzi wa kibiashara kwa kiasi kikubwa.

Ukoo wa pili ni wa chemba ya kutupwa. Hapa mfereji mwembamba umo ndani ya katriji ya plastiki inayotumika mara moja au mara chache, na mashine yenyewe haiguswi na damu kabisa. Kipimo cha PIMA kilichosambazwa vituoni kwa ajili ya CD4 kilifuata njia hii: mikrolita 25 za damu ya kidoleni ndani ya katriji, jibu baada ya dakika 20 hivi. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010 kwa kifua kikuu, nayo ni ya ukoo huu. Majimaji yote yanazunguka ndani ya katriji, na moduli ya mashine ikiharibika inachomolewa nzima na kuwekwa nyingine. Tatizo la kuziba halijatoweka. Limehamishwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mhasibu. Kila mgonjwa sasa ana chemba yake mpya, na chemba hiyo ina bei. Katriji ya kifua kikuu ya GeneXpert iliuzwa kwa nchi maskini dola 9.98 kuanzia 2012, ikashuka hadi dola 7.97 Septemba 2023 baada ya shinikizo refu la wanaharakati. Stoo ikikaukiwa katriji, mashine yenye afya kamili inakaa bure.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukoo huu ni MinION, mashine ya kusoma vinasaba ya Oxford Nanopore Technologies, yenye uzito wa gramu 100 hivi na inayochomekwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa miaka mingi kifurushi chake cha kuanzia kiliuzwa dola 1,000, ndani yake mashine na chemba mbili. Chemba moja ikinunuliwa peke yake ilikuwa dola 900. Hesabu hiyo inakueleza thamani iko wapi: mashine ni kishikio, chemba ndiyo maabara. Ndani yake kuna vishimo 2,048 vyenye utando, kila kimoja kinatakiwa kiwe na tundu moja la protini ambalo uzi wa DNA hupenya, na njia 512 za umeme za kuvisoma.

Tazama jinsi inavyobadilishwa. Kifuniko kinafunguliwa, chemba ya zamani inachomolewa, mpya inatelezeshwa chini ya klipu na kubanwa kwa kidole ili ishikane vizuri na sahani ya joto na vipini vya umeme. Programu inasoma namba yake na kuhesabu matundu yaliyo hai. Yakiwa chini ya 800 kwenye chemba mpya, mnunuzi ana haki ya kudai nyingine, ilimradi amekagua ndani ya muda wa dhamana. Hapo ndipo inakuja hatua inayowatoa jasho wanafunzi. Mlango mdogo wa kujazia unafunguliwa, ncha ya pipeti inachomekwa wima, na gurudumu la pipeti linazungushwa polepole kurudisha nyuma mikrolita 20 hadi 30, hadi majimaji ya njano yaonekane yakiingia kwenye ncha. Kiputo kilichokuwa mlangoni kimetoka. Ukivuta zaidi, utando unabaki bila maji na matundu yanakufa. Kisha mikrolita 800 za bafa zinaingizwa taratibu, tone la mwisho likiachwa ndani ya pipeti ili hewa isifuate. Dakika tano za kusubiri, mikrolita 200 nyingine, na mwishoni sampuli, mikrolita 75, inadondoshwa tone kwa tone kwenye mlango wa pili, kila tone likiachwa linyonywe kabla ya jingine. Kiputo kimoja kikipita juu ya vishimo kinaua kila kilichopita juu yake, na hakuna kuosha kutakakovirudisha.

Ni chemba hii iliyofanya mambo ambayo mashine kubwa za kusoma vinasaba zisingeweza. Aprili 2015 Joshua Quick wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliingia Guinea na maabara nzima ndani ya mabegi ya kawaida ya ndege, uzito chini ya kilo 50. Yeye na wenzake walisoma virusi vya Ebola kutoka sampuli 142, majibu yakitoka ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Afrika Mashariki, kikundi cha mtafiti Laura Boykin, wakiwa pamoja na watafiti wa Tanzania akiwemo Joseph Ndunguru, wa Uganda na wa Kenya, waliipeleka mashine hiyohiyo mashambani na kutambua virusi vya mihogo wakiwa palepale kwa mkulima. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, huko Amani, Tanga. Zaidi ya miaka 80 baadaye kirusi chake kikasomwa shambani. Na wakati wa UVIKO-19, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi walitumia teknolojia hiyo kufuatilia virusi pwani ya Kenya.

Lakini chemba hizo zina uhai wa protini. Zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zisigande kamwe, na zinadumu takriban miezi mitatu. Mzigo ukikwama forodhani kwenye joto wakati karatasi zinatafutwa, unaopotea ni matundu hai, na anayelipia ni mradi. Kuna dawa ya kuosha chemba kwa kimeng'enya kinachokata DNA iliyobaki, ili itumike tena kwa sampuli nyingine, na maabara zenye bajeti ndogo zinafanya vyema kuizoea. Tahadhari yake ni mabaki: chembe chache za sampuli ya jana zikisomwa leo zinaweza kumpa mkulima au mgonjwa kirusi ambacho hana. Ndiyo maana sampuli huwekewa alama tofauti za vinasaba kila mara chemba inaporudiwa.

Hapo tunafika kwenye uthibitisho, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Chemba ikishawekwa, shinikizo la kurudi kazini ni kubwa. Foleni imejaa na mganga mkuu anauliza. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, hakiruhusu mashine iliyotengenezwa kurudi kwa wagonjwa kabla utendaji wake haujahakikiwa, na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupandisha maabara za Afrika hatua kwa hatua, uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, umejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa vitendo, hii ni kazi ya nusu siku. Kalibresheni kwanza. Kisha sampuli za udhibiti za viwango vitatu, chini, kati na juu. Kisha damu moja ipimwe mara 10 mfululizo kuona kama mashine inakubaliana na nafsi yake. Kisha mabaki: sampuli yenye seli nyingi mara 3, ikifuatwa na yenye seli chache mara 3. Ya kwanza kati ya hizo chache ikisoma juu kuliko ya tatu, kuna damu ya mtu mmoja inayoingia kwenye jibu la mwingine. Mwisho, sampuli kadhaa za wagonjwa zilizopimwa kabla ya kuharibika, au kwenye mashine ya jirani, zirudiwe na kulinganishwa.

Anayeona huu ni urasimu akumbuke jinsi CD4 ilivyotumika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 uliweka mstari wa kuanza dawa kwenye seli 350. Wa 2013 ukaupandisha hadi 500. Septemba 2015 mstari ukaondolewa na kila mwenye virusi akaruhusiwa dawa. Katika miaka ile ya mistari, chemba iliyohama kidogo na kusoma 370 badala ya 340 ilimrudisha mtu nyumbani bila dawa. Mstari wa 200 bado unatumika leo kutambua ugonjwa uliokomaa, na dawa za kinga dhidi ya magonjwa nyemelezi zinautegemea.

Nani basi alipe, na kwa mkataba gani? Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye rasilimali chache, na asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Mashine za msaada ndizo zinazoniumiza zaidi. Zinakuja na sherehe, bila mwongozo, bila spea, na wakati mwingine kiwanda kimekwisha kuacha kutengeneza chemba yake. Utaratibu wa pili, ambao umeenea, ni kampuni kuiweka mashine bure na hospitali kujifunga kununua vitendanishi. Una faida yake: chemba ikifa, ni mali ya kampuni, na kampuni ina sababu ya kuja haraka. Hasara yake ni kwamba bei ya chemba imejificha ndani ya bei ya kila kipimo, na hospitali inayopima wagonjwa wachache hulipa ghali bila kujua.

Hukumu yangu ni hii. Hospitali ya rufaa inayopima mamia ya damu kwa siku itumie chemba ya kudumu, na iwe na mhandisi wake mwenye cheti cha kuibadilisha. Zahanati na kituo cha shambani vitumie katriji, kwa sharti kwamba mnyororo wa baridi na fedha za katriji vimehakikishwa kabla mashine haijaagizwa. Kuchanganya haya mawili, yaani kupeleka mashine ya chemba ya kudumu mahali pasipo fundi, au mashine ya katriji mahali pasipo bajeti ya kila mwezi, ni kununua takataka za kesho.

Ninyi mnaoandaa nyaraka za zabuni, kabla hamjasaini andikeni haya ndani ya mkataba: bei ya chemba na muda wa kuifikisha, mafunzo na nywila ya matengenezo kwa mhandisi wa hospitali, chemba moja ya akiba kwenye kabati la maabara, ikiwa ni ya aina inayohifadhika, na siku za juu kabisa ambazo mashine inaweza kusimama kabla muuzaji hajaanza kulipa gharama za kusafirisha sampuli. Muuzaji akikataa masharti hayo, mtafuteni mwingine.